Usajili na Kijicho

Kila mwaka, mpira wa ligi yetu ukisha kupumzika, huanza mchezo mwingine usio na refa, usio na mistari ya mipaka, wala filimbi ya mwisho. Mchezo huo huitwa usajili. Huchezwa vibarazani, sokoni, ndani ya daladala, na katika simu tulizozishika mikononi usiku kucha. Mshindi wake si yule aliyefunga mabao mengi, bali ni yule aliyemnyang'anya jirani mtu wake. Mchezo huu nimeucheza kwa miaka mingi, nami nakiri hivyo mbele ya msomaji kabla sijamlaumu mtu mwingine yeyote. Mimi ni mtu wa Msimbazi. Nimeipenda Simba tangu utoto, nimelia kwa ajili yake, na nimegombana na ndugu zangu kwa ajili yake. Basi maneno nitakayosema hapa si ya mgeni aliyesimama nje ya ua akicheka vumbi la wenzake. Ni maneno ya mwenye nyumba anayesema kwamba paa lake linavuja.

Dai langu ni hili: majira yaliyowekwa kwa ajili ya kujitengeneza tumeyageuza kuwa majira ya kijicho. Kijicho hicho kimetupofusha tusione upungufu wetu wenyewe, nacho ni mzizi mmoja wa aibu ambayo klabu zetu mbili kubwa zimeibeba kwa karibu miaka 90, yaani kutotwaa hata kombe moja la Afrika.

Mkulima ajuaye kazi yake hautumii wakati wa baina ya mavuno na mbegu kwa kukaa juu ya kichuguu na kuhesabu magunia ya jirani. Hutengeneza mpini wa jembe, husafisha ghala, huchagua mbegu, huziba mashimo ya panya. Majira ya usajili kwa klabu ya mpira yangepasa kuwa hivyo. Lakini sisi hufanyaje? Ligi ikimalizika, swali la kwanza la mshabiki wa Simba si "Tumepungukiwa na nini?" bali ni "Yanga wanamtaka nani, tumchukue?" Na mshabiki wa Yanga naye huuliza lile lile kwa kutugeuzia jina. Mchezaji ambaye jana hakuna aliyemjua huwa lulu leo kwa sababu moja tu, kwamba jirani amemtupia jicho.

Chukua habari ya Clatous Chama. Mtu huyu alitufurahisha Msimbazi, akaenda Morocco kuchezea Berkane mwaka 2021, akarudi kwetu Januari 2022, na mwezi wa Julai mwaka 2024 akavuka akaenda Jangwani. Siku ile niliona watu wazima, wenye wake na watoto, wakisononeka kana kwamba wamefiwa. Upande wa pili furaha ilikuwa kubwa kama ya harusi. Sasa na tupime kwa mizani ya akili. Yanga ilikuwa bingwa wa msimu wa 2021/22, wa 2022/23 na wa 2023/24 kabla ya kumchukua Chama, nayo ikawa bingwa wa 2024/25 baada ya kumchukua. Ubingwa wao haukutoka mfukoni mwetu. Ulikuwako kabla hajavuka, ukabaki baada ya kuvuka. Sisi tuliomlilia hatukulia kwa sababu tumepoteza ubingwa, maana tulikwisha upoteza miaka mitatu nyuma. Tulilia kwa sababu jirani amecheka.

Mwaka uliofuata jeraha likatoneshwa. Nahodha wetu Mohamed Hussein, tuliyezoea kumwita Tshabalala, beki wa kushoto aliyekuja kwetu mwaka 2014 na kututumikia miaka 11, alihamia Yanga katika usajili wa mwaka 2025. Neno lililovuma ni moja: msaliti. Nami nauliza, amemsaliti nani? Mtu aliyetumika miaka 11, mkataba wake ukamalizika, akaenda kufanya kazi mahali pengine, ametenda kosa gani ambalo mwalimu, seremala au dereva hatendi kila siku? Miguu ya mchezaji ni jembe lake, nayo humfaa kwa miaka michache tu. Akifika umri wa miaka 35 hakuna kati yetu atakayekwenda kumlipia kodi ya nyumba kwa sababu alikuwa mwaminifu. Tunadai uaminifu wa mume na mke kwa mtu ambaye sisi tumempa mkataba wa kibarua.

Tena hasira yetu yenyewe ni ya kuazima. Emmanuel Okwi alikuwa wetu, Desemba 2013 akawa wao, tukamlaani, na mwaka 2014 akarudi, tukambeba mabegani. Ibrahim Ajibu alikwenda Jangwani mwaka 2017, akarejea Msimbazi mwaka 2019. Bernard Morrison alitoka kwao akaja kwetu mwaka 2020, na shauri lake likafika mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Uswisi. Mwaka 2022 akarudi kule kule alikotoka. Kila mmoja wa hawa aliitwa msaliti na upande mmoja na shujaa na upande wa pili, kisha majina yakabadilishana. Ikiwa usaliti hufutwa kwa kurudi, na ushujaa hufutwa kwa kuondoka, basi maneno hayo hayana maana tena. Yamekuwa kelele za mtu aliyeumwa jino.

Lakini wakati macho yetu yalipokuwa yamekaziwa Jangwani kumtazama Tshabalala, mlango wa nyuma wa nyumba yetu ulikuwa wazi. Kocha Fadlu Davids, aliyekuja mwaka 2024 na kutufikisha katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika katika msimu wake wa kwanza, aliondoka Septemba 2025 akaenda Raja ya Casablanca, msimu mpya ukiwa ndio kwanza umeanza. Aliyeondoka ndiye aliyeandaa kikosi, ndiye aliyepanga mazoezi, ndiye aliyejua kwa nini mchezaji huyu amesajiliwa na yule ameachwa. Sikuona watu wakisononeka kwa kiasi kile cha Chama. Kwa nini? Kwa sababu hakwenda Yanga. Hasara isiyomchekesha jirani hatuihesabu kuwa hasara. Je, kuna upofu kupita huu?

Najua atakuwapo mtu wa kunijibu hivi: "Ushindani ndio chumvi ya mpira. Toa Simba na Yanga, nchi nzima italala saa mbili usiku." Neno hili lina ukweli, wala sitaki kulikanyaga. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935. Klabu yetu ilizaliwa mwaka 1936, ikapita katika majina kadhaa mpaka ikaitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Tumeishi mtaa mmoja wa historia. Tuliwafunga mabao 6 kwa bila mwaka 1977, na mabao 5 kwa bila mwaka 2012. Wao walitufunga 5 kwa 1 Novemba 2023, nami siku ile sikula chakula cha usiku. Sipendi kuyafuta haya. Mpira usio na mpinzani ni kama ngoma isiyo na mwitikiaji.

Walakini tunausema uhusiano wetu kuwa ni utani wa jadi, na hapa ndipo tunapojihukumu kwa kinywa chetu. Utani ni nini? Katika desturi za makabila mengi ya nchi hii, mtani alikuwa na haki na alikuwa na wajibu. Haki yake ilikuwa kukejeli: aliweza kukunyang'anya kuku, kukutukana mbele ya wakwe, na kukuita mtumwa wake, nawe usikasirike. Wajibu wake ulikuwa kuzika. Ukifiwa, mtani ndiye aliyekuja kwanza, akafanya mizaha mbele ya jeneza mpaka wafiwa wakacheka wakiwa na machozi, kisha huyo huyo akashika jembe la kaburi. Utani ulikuwa na nusu mbili, na nusu moja bila nyingine haikuitwa utani. Iliitwa uadui.

Sisi watu wa mpira tumeishika nusu ya kwanza na kuitupa ya pili. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilifungwa 2 kwa 1 Dar es Salaam na USM Alger, ikaenda Algiers ikashinda 1 kwa bila, ikakosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Kushinda ugenini, katika fainali, mbele ya umati ule, ni jambo ambalo taifa zima lingepasa kulisimamia. Mimi nilifanya nini? Niliwanunulia soda watu watano tuliokuwa nao kibandani, tukainywea kombe waliloshindwa majirani zetu. Miaka miwili haikutimia vyema, deni likalipwa. Mwezi wa Mei 2025 Simba ilifika fainali ya kombe lile lile. Tulifungwa 2 kwa bila na Berkane huko Morocco, na katika mchezo wa marudiano tukatoka sare ya 1 kwa 1. Usiku ule nilipita mbele ya kibanda kile kile. Watu wa Yanga walikuwa wakinywa soda. Hawakunitukana wala hawakuniita. Mmoja wao aliinua chupa yake kidogo, kama mtu anayemsalimu mwenzake wa biashara moja, nami nikainamisha kichwa. Tangu usiku ule nimekuwa nikiyafikiri maneno haya.

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba mchezo ule wa marudiano wa mwaka 2025 haukuchezwa Dar es Salaam, mahali tulipozoea kumtia mgeni hofu. Ulichezwa katika uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa kuwa uwanja wa Benjamin Mkapa haukukubaliwa na Shirikisho la Afrika kwa mchezo ule. Sisemi neno baya juu ya Zanzibar, iliyotupokea kwa heshima. Nasema juu yetu. Uwanja wa Mkapa ni mali ya umma, ulianza kutumika mwaka 2007, nao sisi na Yanga tumekuwa wapangaji ndani yake. Azam, klabu changa ambayo umri wake haufiki hata nusu ya wetu, ina uwanja wake Chamazi. Mpangaji hana neno siku mwenye nyumba anapotengeneza sakafu. Hebu pigeni hesabu ya fedha zilizotumika katika majira mengi ya usajili kumchukua mtu kwa sababu tu jirani anamtaka, kisha mtu huyo akakaa benchi na kuachwa baada ya miezi 12. Je, fedha hizo zisingenunua hata matofali ya jukwaa moja?

Kijicho hiki pia kimetuondolea insafu. Desemba 2022 Feisal Salum, kijana wa Zanzibar, alitaka kuuvunja mkataba wake na Yanga. Shauri likavutana miezi mingi, vikao vikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, Rais wa nchi akashauri hadharani limalizwe, na katikati ya mwaka 2023 kijana akahamia Azam. Katika miezi ile sisi watu wa Simba tuligeuka kuwa mawakili wa haki za wafanyakazi. Tulisema mchezaji si mtumwa. Tulisema mkataba usiwe pingu. Maneno mazuri kabisa! Lakini tulipoyasema hatukumtazama Feisal, tulimtazama mwajiri wake. Angekuwa ni kijana wetu anayetaka kutuacha, tungekuwa tumesoma kifungu cha mkataba kwa sauti kubwa kuliko wao. Ushahidi ninao: miaka miwili baadaye Tshabalala aliondoka kwa halali, hata hatukumpa heshima ya yule aliyetaka kuvunja. Haki inayobadilika kwa rangi ya jezi si haki. Ni jezi tu.

Upofu huo huo uliiharibu siku ya tarehe 8 Machi 2025. Watu walikuwa wamesafiri kutoka mikoani kuja kuona mchezo wa Simba na Yanga. Klabu yangu ilitangaza kwamba haitacheza, kwa madai kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia siku ya mchezo, na mchezo ukaahirishwa. Ulichezwa tarehe 25 Juni, tukafungwa 2 kwa bila. Sitaki hapa kuamua nani alikuwa na kanuni upande wake. Nataka kusema nilichokisikia vibarazani kwa miezi mitatu na zaidi: kila upande ulihesabu ujanja wa mwenzake, na hakuna upande uliomtaja yule mtu aliyepanda basi usiku kucha na kurudi kwao bila kuona hata mpira ukirushwa. Mpira ulikuwa wa nani siku ile?

Sasa nitatoa jambo lililo karibu nami zaidi. Mtaani kwetu alikuwako kijana mwenye mguu wa kushoto uliotii kila alichouambia. Alikuwa akichezea timu ndogo, akisifiwa na kila mtu. Klabu moja ikamsajili. Sitaitaja, wala msomaji asijisumbue kukisia, maana jambo lenyewe laweza kutendwa na yeyote. Siku ya kusajiliwa tulimshangilia mtaa mzima. Nilimpa mkono na kumwambia maneno makubwa. Msimu mzima alicheza michezo michache isiyozidi vidole vya mkono mmoja. Posho zake zikacheleweshwa, kisha akaachwa kimya kimya, na nafasi yake ikapewa jina jingine lenye kelele mpya. Yote haya yalipotukia nilikuwa nikikutana na mama yake kila wiki gengeni. Nilikuwa nikimwuliza nini? Nilimwuliza kama amesikia tulivyowachapa watani. Hata siku moja sikumwuliza mwanawe anakula nini. Siku hizi kijana anaendesha bodaboda, na mpira hauchezi tena hata wa mchangani. Klabu ile ina kosa lake, lakini lile la mshabiki ni langu, wala siwezi kumpelekea kamati yoyote.

Vijana wa namna hii ndio wanaolipa gharama ya mchezo wetu wa usajili. Klabu za mikoani huwalea, sisi huwachuma wakiwa wabichi, mara nyingi si kwa kuwa tunawahitaji bali kwa kuwa tunachelea wasichumwe na jirani. Matokeo yake yanaonekana katika orodha ya mabingwa. Zamani Tukuyu Stars kutoka Mbeya iliweza kutwaa ubingwa mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar ya Turiani mwaka 1999 na 2000. Toka hapo mpaka mwaka 2025 ni Azam peke yake, mwaka 2014, iliyoupenya ukuta wa Simba na Yanga. Tunajivunia jambo hili. Lakini ndondi anayepigana na mtu mmoja tu mwaka mzima hujua ngumi za mtu huyo tu. Akipelekwa Cairo au Casablanca hushangaa kuona kwamba duniani kuna ngumi nyingine. Tulishindwa karibu na mlango mwaka 1974 tulipotolewa na Mehalla katika nusu fainali, tukashindwa mlangoni kabisa mwaka 1993 tulipofungwa 2 kwa bila na Stella ya Abidjan hapa hapa nyumbani, tukashindwa tena mwaka 2025. Yanga ilishindwa mwaka 2023. Hatukukosa vipaji. Mbwana Samatta alipita Msimbazi kabla ya Mazembe, Genk na Uingereza. Fiston Mayele alipita Jangwani kabla ya kuwa bingwa wa Afrika na Pyramids ya Misri mwaka 2025. Waliopita kwetu wamefika. Sisi tuliobaki tukitazamana ndio hatujafika.

Dawa ni nini? Si kuacha kusajili, wala si kuacha kutaniana. Dawa ni kubadili kipimo. Mwanachama wa Simba akienda katika mkutano wa mwaka asiulize tena, "Mmemkomoa nani?" Aulize maswali manne: Ni vijana wangapi tuliowalea wenyewe wamepanda kikosi cha kwanza? Uwanja wetu utajengwa wapi na lini? Kila mtu aliyetutumikia, aliyebaki na aliyeondoka, amelipwa haki yake? Na kocha amepewa muda gani wa kufanya kazi bila kubughudhiwa? Kiongozi atakayejua kwamba ataulizwa hayo hatakuwa na nafasi ya kukesha akimvizia mchezaji wa jirani. Lakini kiongozi anayejua kwamba jina moja lililonyakuliwa usiku wa manane litatufanya tusahau yote, kwa nini ajisumbue? Hatudanganyi yeye. Tunamwomba atudanganye, naye hutii.

Ama kwa watani wetu wa Jangwani, nina neno moja la mwisho. Mmetushinda miaka minne mfululizo, tangu msimu wa 2021/22 mpaka wa 2024/25, nami nawapa haki yenu bila kinyongo, ingawa ulimi ni mzito. Nitaendelea kuwakejeli kila Jumapili, maana hiyo ni haki yangu, nanyi fanyeni vivyo hivyo. Lakini mkifika fainali nyingine ya Afrika, nitakuja kibandani kwenu nikiwa na jezi yangu nyekundu, nikae nanyi mpaka filimbi ya mwisho. Mkishinda nitanuna kidogo. Mkishindwa, soda nitanunua mimi, na safari hii tutakunywa pamoja.